Magunia Sita ya Mbegu

Jumatatu, 9 Juni

Inatangazwa kwa watu wote wa nyumba hii, walio hai na wanaochelewa kurudi, kwamba kuanzia leo, saa mbili za asubuhi, chumvi haitanunuliwa tena kwa pakiti. Tangazo limesomwa mbele ya baba wa nyumba, Pierre, aliyekuwa anatafuta kiatu, na mbele ya binti yetu Elsa, aliyekuwa anacheka. Kuku watatu walihudhuria. Hakuna aliyepinga.

Sababu ni hii. Mwezi wa tano wote niliandika kila franka iliyotoka mlangoni kwetu. Nikakuta tumenunua chumvi mara ishirini na sita, pakiti ya mia mbili, ukubwa wa kidole gumba. Gunia zima ni elfu arobaini, na linatoa pakiti mia nne. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hata darasa la tano linajua kugawa: mwenye pesa analipa mia moja, asiye na pesa analipa mia mbili, na chumvi ni ile ile. Basi nimechukua elfu arobaini ya karanga tulizouza, pesa yote iliyokuwa ndani ya nyumba, nikanunua gunia.

Pierre amelizunguka mara mbili. "Mama Elsa, umeua tembo? Nyama iko wapi?"

Tutakula kidogo. Nyingine Elsa atafunga pakiti, niuze hapa mlangoni, hapa Kasongo, barabara ya Kabambare, kwa mia mbili kama wengine. Pesa itaingia ndani ya kopo la maziwa. Kopo litafunguliwa kwa kununua gunia lingine la chumvi tu. Machozi ya mtu hayalifungui.

Ninaandika nyuma ya daftari la kemia la Elsa. Kurasa za mbele zinaeleza chumvi imetengenezwa na nini. Bei yake hazisemi.

Alhamisi, 12 Juni

Mpunga wote umekauka, umeingia ndani. Magunia sita, yamepangwa ukutani chumba cha mbele. Nimeyapiga kofi moja moja kama mtu anayepokea wageni.

Lazima niandike ukweli wa mpunga huu, maana daftari halina mdomo. Umechanganyika. Nusu ya shamba tulipanda mwekundu wetu, nusu tukapanda baadaye mweupe tuliokopa kwa kaka yangu. Ndege waliposhuka tukavuna yote kwa haraka, tukapiga pamoja, tukatia pamoja. Kwa kula hauna neno. Kwa kupanda haufai: mwekundu unaiva mapema, mweupe unachelewa, na shamba la hivyo linavunwa na ndege. Mbegu ya kweli nilichagua suke kwa suke, kapu moja. Liko juu ya utara, ndani ya moshi wa jiko, mahali pa mbegu.

Bei leo: gunia elfu sitini. Mara sita, laki tatu na sitini. Elsa amefanya mtihani wa Serikali, akifaulu anataka shule ya wauguzi, na kuingia ni laki nne na nusu kabla ya tarehe 30 Septemba. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine. Kila mwaka watu wanauza mwezi wa sita kwa sitini, halafu mwezi wa tisa wananunua mpunga ule ule kwa laki na zaidi, tena wanashukuru. Mwaka huu mimi sishukuru mtu. Magunia yatakaa mpaka Septemba.

Pakiti nne.

Jumanne, 17 Juni

Vumbi. Pakiti tisa. Mama Arlette, jirani wa mkono wa kushoto, amenunua moja na kuuliza kama nimepata mume mfanyabiashara. Nimemwambia bado natafuta.

Jumamosi, 28 Juni

Siku mbaya. Imeisha vizuri, na hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Pitchou, mdogo wake Pierre, amefika kutoka Salamabila kwa pikipiki, miwani myeusi usoni, vumbi jekundu kila mahali isipokuwa nyuma ya miwani. Pitchou anachimba dhahabu. Yaani anachimba. Kila akija, shimo lao limebakiza mita mbili. Mwaka jana pia zilibaki mita mbili. Mimi nadhani shimo lile linakimbia.

Alikula, akanawa, akatazama ukuta wa chumba cha mbele muda mrefu kuliko mtu anavyotazama ukuta.

"Yaya," akamwambia kaka yake Pierre, "imebaki mita mbili."

"Eh," Pierre akasema.

"Tunakosa tu pesa ya mashine ya kutoa maji, na ya kulisha vijana. Laki tatu. Mwezi wa nane nakurudishia laki tisa."

"Laki tisa," Pierre akasema, polepole, kama mtu anayelamba asali kwenye kidole.

Namjua mume wangu. Ni mtu mwema, na mtu mwema ni mlango usio na komeo. Miaka mitatu iliyopita alimpa Pitchou mbuzi wawili, mwaka jana baiskeli ya kwanza. Niliona magunia yangu tayari yamefungwa kamba nyuma ya pikipiki.

"Na hii mupunga," Pitchou akasema, "si inalala tu hapa?"

Ulimi wangu ukatoka mbio kabla yangu. "Ile si mupunga ya kula, shemeji. Iko mbegu."

Kwetu hilo ni neno la mwisho. Mbegu haiombwi, haiuzwi, haikopeshwi kabla ya mvua. Hata mkwe akifika na njaa unampikia majani, mbegu unaiacha. Mtoto aliyekula mbegu anasemwa mpaka siku ya kuoa.

Pitchou akavua miwani. "Magunia sita ya mbegu? Shemeji, munataka kupanda Maniema nzima?"

"Tumepata shamba ingine. Njia ya Wamaza."

Akamgeukia kaka yake. Na hapo nikajua nimekwisha, kwa sababu Pierre alivuna na mimi, alipiga na mimi, anajua mpunga ule punje kwa punje. Pierre akatazama dari. Akatazama magunia. Akasema, "Iko mbegu. Tena sijui kama itatosha."

Pitchou ameondoka na kuku mmoja.

Miaka ishirini ya ndoa sikujua mume wangu anaweza kusema uongo vizuri hivi. Nilifurahi. Halafu, nikiwa naosha sahani, nikaanza kuhesabu mambo mengine aliyowahi kuniambia kwa sauti ile ile.

Jumapili, 6 Julai

Gunia elfu sabini. Pakiti kumi na moja. Hakuna wingu hata moja.

Jumatano, 9 Julai

Pitchou amesimulia barabara nzima habari za mbegu yetu. Mtu wa tatu leo ameniuliza shamba la Wamaza liko upande gani wa mto. Nimejibu, "Upande wa pili." Mpaka sasa limekuwa na mto.

Jumanne, 22 Julai

Lwamba amefariki Jumapili. Alikuwa fundi wa baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu, tumbo la siku nne. Ameacha mke, Consolée, na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa anacheza na mnyororo wa baiskeli ya mtu wakati wa mazishi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Kilio kikiwapo, kila nyumba inapeleka mpunga. Hakuna anayesema kiasi. Kiasi kinajulikana, kwa sababu kila mtu anajua kilichomo ndani ya nyumba ya mwenzake. Mwenye magunia sita angepeleka moja, au nusu kama ana aibu ndogo. Nilisimama mbele ya magunia dakika nyingi. Gunia likitoka wazi wazi kwenda kuliwa, basi si mbegu. Na kama si mbegu, kesho Pitchou yuko mlangoni, na kesho kutwa shangazi, na mpaka Septemba Elsa atasoma uuguzi wa kuku.

Nikapeleka vipimo viwili. Nilivichota kwenye gunia la chini.

Wanawake waliokuwa jikoni walitazama kapu langu.

"Mama Elsa," akasema mmoja, "na ile ya nyumbani?"

"Iko mbegu," nikasema.

Consolée alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua tano kutoka pale. Hakuinua kichwa.

Nyuma yangu akaja Mama Arlette na vipimo viwili. "Ata mimi," akasema, "iliyobaki iko mbegu." Katekista Joël alileta kimoja na nusu, na maombi marefu. Chungu cha kilio kilikuwa na maji mengi. Watu walikula mara mbili kwa siku, wakasema asante, na siku ya tatu walikula mara moja.

Nimeandika haya ili nisiweze kusema baadaye kwamba nilisahau.

Jumapili, 27 Julai

Nimemtuma Elsa kwa Consolée na pakiti mbili za chumvi. Bure.

"Mama," Elsa akasema mlangoni, "mutu akiniuliza, nitasema iko mbegu. Ila kanisani usiniambie niiombee."

Gunia elfu sabini na tano.

Jumamosi, 2 Agosti

Elsa amefaulu! Asilimia sitini na moja. Tumerushiana poda, kama ilivyo desturi ya waliofaulu, mpaka mbwa wa jirani akapiga chafya. Pierre amelia, halafu akasema ni poda.

Kisha nimeisoma tena ile karatasi ya shule. Laki nne na nusu, 30 Septemba. Jana ilikuwa ndoto, na ndoto haina tarehe. Leo ina tarehe.

Jumamosi, 9 Agosti

Panya. Gunia la tatu limetobolewa, mpunga umemwagika kama kibaba. Mama Arlette ana paka. Amekubali kumkodisha, pakiti moja ya chumvi kwa juma. Paka ni mtu wa pili kulipwa mshahara kwa ajili ya uongo wangu. Wa kwanza ni dhamiri, ambayo kila Jumapili inalipwa pakiti mbili kwa Consolée.

Gunia elfu themanini na mbili. Kila bei inapopanda ninahesabu, nafurahi, halafu nalala vibaya.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama Arlette ameanza kuuza chumvi. Mia mbili pakiti. Ameweka meza.

Jumamosi, 23 Agosti

Kisimani leo kila mtu anazungumza mbegu. Fulani ana mbegu magunia matatu, fulani manne, mjane wa pale njia panda naye ana mawili. Nimefika nyumbani nikamwambia Pierre mwaka huu watu wameshika sana kilimo.

Pierre amenitazama mimi, kisha magunia. "Eh," akasema.

Jumamosi, 6 Septemba

Gunia elfu tisini na tano. Gunia la pili la chumvi lilikwisha mwezi uliopita, la tatu limefika nusu. Joto. Moshi wa mashamba yanayochomwa. Watu wote wanatazama juu, na juu hakuna kitu.

Jumamosi, 13 Septemba

Ayoubu amekuja. Ndiye mnunuzi mkubwa upande huu, anapeleka mpunga Salamabila kwa pikipiki tano, maana wachimbaji wanakula hata wasipopata dhahabu. Ni mtu wa heshima, salamu zake ndefu, anauliza habari ya kila mtu mpaka paka.

"Mama Elsa," akasema, "Salamabila watu wanalia na njaa. Laki moja kwa gunia, mkononi, leo."

Laki sita. Laki sita ni shule, ni joho jeupe la Elsa, na mabati matatu juu yake.

"Ayoubu, iko mbegu," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kuokolewa.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, mwaka huu Kasongo nzima iko mbegu. Napita nyumba kwa nyumba: mbegu, mbegu, mbegu. Wachimbaji watakula mawe?"

"Ukija alfajiri?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Magunia sita, piki tatu, alfajiri," akasema. "Mama, piki yangu inaamsha maiti."

Na hata bila pikipiki yupo Mama Arlette. Anafagia kuanzia saa kumi na moja, na uwanja wake ni mdogo kuliko mkeka. Hafagii vumbi, anafagia habari. Magunia yangu yakitoka kabla ya mvua, kabla hata jembe halijagusa udongo, barabara nzima itajua kwamba Mama Elsa alimnyima maiti chakula kwa jina la mbegu.

Nimemwambia Ayoubu arudi mvua ikinyesha. Baada ya kupanda, mtu anaweza kuuza "iliyobaki" bila mtu kuinua kichwa.

"Sawa, mama," akasema. "Tuombe mvua."

Pierre alikuwa ameketi nyuma ya mlango, amesikia yote. "Laki sita, Mama Elsa," akasema. "Ingekuwa mimi, ningeuza na kupata aibu. Aibu inaisha kabla ya Noeli." Mume wangu huyu, mwenye mbuzi wa Pitchou! Nilimjibu vibaya. Hatujasemezana tangu mchana.

Jumatatu, 15 Septemba

Hakuna mvua. Pakiti tano. Meza ya Mama Arlette ina kivuli, yangu haina.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuna mvua. Laki moja na kumi, wanasema. Siku kumi na tatu zimebaki. Elsa amenyoosha nguo zake zote, pamoja na zile asizozivaa.

Ijumaa, 19 Septemba

Saa tisa mchana upepo ukageuka, vumbi likakimbia kuelekea mtoni, na mvua ikaja kama mtu anayevunja mlango. Nimeweka ndoo chini ya mahali pote panapovuja. Mahali saba. Nimeketi katikati ya ndoo na magunia, nikicheka peke yangu.

Jumapili, 21 Septemba

Consolée amekuja leo baada ya misa. Nguo nyeusi, kapu tupu.

"Karibu, mama. Kaa."

"Sikai, Mama Elsa. Mvua imefika. Niko na neno ya mbegu."

Nilikuwa nimekumbuka nusu tu ya desturi, ile inayonifaa. Nusu nyingine ni hii: mwenye mbegu hamnyimi asiye nayo siku za kupanda. Anampa, na wakati wa kuvuna anarudishiwa kapu kwa kapu na kibakuli juu. Kumnyima mtu mbegu baada ya mvua ya kwanza hakuna jina kwa lugha yetu, kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya ili lipatikane jina. Na mwenye mbegu nyingi kuliko wote barabara hii, kwa kinywa chake mwenyewe, ni mimi.

"Na yako imeenda wapi?" nikauliza, na nikatamani kuumeza ulimi.

"Ililiwa kilioni," akasema. Hakusema kwa hasira. "Watu walikuwa wengi. Na wenzangu wote walikuwa na mbegu."

Kutoka alipokuwa amesimama aliyaona magunia sita. Kapu la kweli lililo juu ya utara hakuliona. Nami nitaandika nilichofanya, maana nimekwisha kuanza. Nilifungua gunia la karibu. Nikachota. Nikatia ndani ya kapu lake mara moja, mara mbili, mara tatu. Kichwani hesabu ilikuwa inakwenda yenyewe: kapu moja tu, bado yanabaki karibu sita, mara laki moja na kumi. Mara ya nne mkono ukiwa ndani ya mpunga nikaliona shamba lake mwezi wa kwanza. Rangi mbili kwenye jua. Mwekundu umeinama, ndege juu yake, mweupe bado kijani, na Consolée katikati na kisu, hajui aanze wapi, watoto watatu wanafukuza ndege kwa makopo. Kilioni nilikula sehemu ya chakula chake. Sasa nilikuwa nakula na mwaka wake.

Nikachukua kapu, nikarudisha yote ndani ya gunia.

"Mama Consolée, hii si mbegu."

"Najua," akasema.

"Unajua toka lini?"

"Toka kilio. Vile vipimo viwili vyako. Dada yangu alivipika, akaniletea sahani ya kwanza. Mwekundu ulikuwa bado mugumu, mweupe ulishapondeka. Nani anaweka mbegu vile?"

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini, Mama Elsa? Nilikuwa na maiti ndani ya nyumba."

Miezi miwili. Miezi miwili alikuwa anapokea chumvi yangu kila Jumapili, anasema asante, anajua.

"Sasa mbona umekuja kwangu kuomba mbegu?"

"Kwa sababu uko nayo ya kweli. Mwanamuke anayeandika chumvi ndani ya daftari hawezi kukosa kapu moja juu ya moto." Akavuta pumzi. "Na nilitaka kuona utachota wapi."

Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kapu kutoka utara. Masizi yalinidondokea kichwani. Nikagawa nusu kwa nusu, na bila kupenda nikaona nusu yake imekuwa kubwa. Sikuipunguza. Halafu nikamwita Pierre, nikamwambia apeleke gunia moja la kula kwa Consolée.

"Hii ni ya kilio," nikamwambia Consolée. "Imechelewa."

"Imechelewa," akakubali. "Watoto hawatajua."

Pierre akalifunga juu ya baiskeli. Mama Arlette akaacha kufagia. "Baba Elsa! Mbegu inaenda?"

Nilikuwa mlangoni. Pierre angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa imetosha. "Si mbegu, Mama Arlette," akasema kwa sauti ya kufika mpaka njia panda. "Iko mupunga ya kula. Ilikuwa ya kula toka Juni." Akaanza kusukuma.

Uongo aliusema kwa upole na ukweli akausema kwa kelele. Nimeolewa na mtu nisiyemjua, na si vibaya.

Nilingoja Mama Arlette aanze kupiga yowe. Alitazama chini, akafagia mahali alipokuwa amekwisha kufagia.

Yamebaki matano. Mara laki moja na kumi: laki tano na nusu. Bado inatosha.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua. Tunapanda nusu kapu letu. Sehemu ya shamba itabaki nyasi. Ayoubu ametuma neno: atanunua Jumamosi, sokoni, kwa wote.

"Kwa wote." Nimelisoma neno hilo kichwani mara nyingi.

Jumamosi, 27 Septemba

Tuliamka mapema, Pierre, Elsa na mimi, magunia matano kwenye mkokoteni wa kukodi. Matope. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema kama mtu atanicheka.

Hakuna aliyenicheka. Hakukuwa na nafasi. Tulipofika sokoni nilidhani kuna mkutano wa Serikali. Mikokoteni, baiskeli, vichwa, na juu ya vyote magunia. Mama Arlette alikuwa ametangulia, amekalia manne.

"Mama Arlette, hii ni nini?"

"Mbegu iliyobaki," akasema, bila kunitazama.

"Manne yamebaki?"

"Shamba langu ni dogo."

Katekista Joël alikuwa na saba. Saba! Yule mjane wa njia panda, mwenye mawili, alikuwa na matano. Watu wote tuliokutana kisimani, wote tuliosimama kwenye kilio na vipimo viwili, tulikuwa pale, kila mmoja amekaa juu ya mbegu yake, kila mmoja ana mtoto wa shule mwenye tarehe 30. Mimi niliyejiona mjanja peke yangu! Nilikuwa nimesimama kwenye mstari mrefu sana.

Ayoubu alifika na pikipiki zake tano. Alisimama, akatazama soko kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Safari hii hakucheka.

Saa mbili alisema tisini. Watu wakapiga kelele. Saa tatu alisema sabini na tano, kelele zikapungua. Saa nne mawingu yakakusanyika upande wa Kabambare, na kila mtu alijua mpunga ukilowa ni kazi ya kuanika juma zima, na juma zima hatuna. Saa nne na nusu Ayoubu akasema sitini na mbili.

"Ayoubu," nikamwambia, "majuma mawili yaliyopita, mlangoni kwangu, ulisema laki moja!"

"Mama," akasema, na naamini alikuwa na huruma, "majuma mawili yaliyopita haikuwa mupunga. Ilikuwa mbegu."

Elsa alinishika kiwiko. Tone la kwanza likaanguka juu ya gunia. Nikauza.

Laki tatu na elfu kumi. Tukarudi nyumbani. Pierre alikuwa anasukuma mkokoteni mtupu kama mtu anayesukuma mgonjwa. Elsa akasema, "Mama, nitangojea mwaka kesho." Alisema vizuri, bila kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nyumbani nilichukua kopo la maziwa. Sikuwa nimelihesabu tangu Agosti. Nilikuwa naona ni pesa ya mchezo. Nilimwaga mkekani. Mia mbili, mia tano, elfu, noti zilizokunjwa mpaka zimekuwa laini kama kitambaa, zote zina chumvi. Elsa alihesabu. Pierre alihesabu. Mimi nikahesabu, kwa sababu siwaamini.

Laki moja na elfu arobaini na tano.

Jumanne, 30 Septemba

Elsa ameandikishwa. Laki nne na nusu. Mtunza pesa wa shule alilalamika noti zinawasha vidole. Nimemwambia ni dawa. Zimebaki elfu tano.

Tumerudi kwa miguu, mvua ndogo. Consolée alikuwa anapanda, akatuinulia mkono.

Nimefanya hesabu ya mwisho, ambayo hakuna aliyenituma kuifanya. Kama ningeuza magunia yote sita mwezi wa Juni, kwa sitini, bila mbegu, bila shamba la Wamaza, bila kukodi paka, na kuuza chumvi tu, leo tungekuwa na laki tano na elfu tano. Pierre alisoma juu ya bega langu. "Eh," akasema, akaenda kutafuta kiatu.

Gunia la tatu la chumvi lilikwisha jana. Jioni nimemtuma Elsa kwa Mama Arlette akanunue pakiti moja, mia mbili.